Uzi: Tuwashawishije wateja wetu waachane na matoleo ya zamani ya PHP na Python?

#1 FundiNjiro (Arusha)

Wakuu, habari za leo. Ninatunza tovuti za kampuni kumi na moja za utalii hapa Arusha, na saba kati ya hizo bado zinaendeshwa kwa PHP 5.6 (PHP ni lugha ya kuandikia programu za tovuti), toleo lililotoka Agosti 2014 na ambalo waundaji wake waliacha kuliziba matundu ya usalama tarehe 31 Desemba 2018. Wenye kampuni nimewaandikia barua pepe, nimewapigia simu, na wawili nimewafuata ofisini kwao karibu na Mnara wa Saa nikakaa nao saa nzima. Jibu ni lile lile: tovuti inafunguka, wageni wanaandika, kwa nini tuiguse?

Nimeanza kuamini kwamba kosa ni letu sisi mafundi. Tunamwendea mteja na habari za wadukuzi na za kuibiwa, kisha mwaka unapita bila tukio lolote, naye anaona kwamba tulimtisha bure ili atulipe. Ninauliza kwa dhati: ni nani kati yenu amewahi kumfanya mteja, mwanafunzi au ofisi nzima ihamie toleo jipya kwa hiari, na alifanya nini hadi wakakubali?

#2 BintiRau (Moshi)

FundiNjiro, sidhani kama tatizo ni maneno unayotumia. Tatizo ni fedha, na hasa namna fedha hiyo ilivyozungumzwa siku ya kwanza. Mteja alitajiwa bei ya mfumo, akalipa, akakabidhiwa, na kwake ile kazi ni kama nyumba iliyokwisha kuezekwa. Hakuna aliyemweleza kwamba amenunua kitu kinachofanana zaidi na gari, kwamba kila baada ya muda lazima oili imwagwe na breki zitazamwe.

Ninatunza mfumo wa vitabu vya SACCOS moja hapa Moshi. Tangu nilipoingiza matunzo ya kila mwaka ndani ya mkataba, sijalazimika kumshawishi mtu yeyote. Kuhama toleo ni sehemu ya kazi niliyokwisha kulipwa, na bodi hupewa taarifa tu kwenye kikao.

#3 Mzee wa Sekei (Arusha)

Haya mambo yalikuwapo kabla baadhi yenu hamjashika kompyuta. PHP 5 ilitoka Julai 2004, lakini miaka mitatu baadaye seva nyingi za kukodi, yaani kompyuta zinazohifadhi tovuti za watu, zilikuwa bado na PHP 4. Ukiwauliza wenye seva, walijibu kwamba wateja wao wanatumia programu zilizoandikwa kwa PHP 4. Ukiwauliza waandishi wa programu, walijibu kwamba hawawezi kutegemea uwezo wa PHP 5 kwa kuwa wenye seva hawajahama. Kila upande ulikaa ukimngoja mwenzake, na mtumiaji wa mwisho hakujua kabisa kwamba kuna jambo linalongojewa.

Kilichoukata mduara huo hakikuwa ushawishi wa mtu mmoja mmoja. Mwaka 2007 miradi kadhaa ya programu huria, Drupal ya kujengea tovuti ikiwamo, ilitangaza kwa pamoja chini ya jina la GoPHP5 kwamba kuanzia tarehe 5 Februari 2008 matoleo yao mapya yatahitaji PHP 5.2 au zaidi. Waundaji wa PHP nao wakatangaza mwisho wa PHP 4: marekebisho ya kawaida hadi mwisho wa 2007, na ya usalama hadi tarehe 8 Agosti 2008. Mwenye seva alipoona programu zinazopendwa zote zinahama siku moja, hakuwa tena na mtu wa kumngoja.

Sisi tunaotunza tovuti za utalii katika mji huu tunafahamiana karibu wote. Tukikubaliana tarehe moja ambayo baada yake hakuna fundi atakayepokea kazi ya PHP 5, mteja hatakuwa na mlango wa pili wa kubisha.

#4 Mwanachuo Tengeru (Arusha)

Shikamooni wakubwa. Mimi ninajifunza Python, lugha nyingine ya kuandikia programu, na ningependa kuongeza upande wa kufundishwa. Maelezo niliyopewa mwaka wa kwanza yalikuwa ya Python 2. Mfano wa kwanza kabisa uliandikwa print, amri ya kuonyesha maandishi, bila mabano, nami nilipouandika kwenye kompyuta yangu yenye Python 3 nikapata kosa kwenye mstari wa kwanza wa programu yangu ya kwanza. Kwa siku mbili niliamini kwamba kompyuta yangu ni mbovu. Sasa kama Python 2 iliachwa mwaka 2015, kwa nini bado inafundishwa?

#5 Karani wa Kahawa (Moshi)

Marahaba, mwanangu. Nikusahihishe kidogo: 2015 ndio mwaka uliopangwa mwanzoni, lakini mwaka 2014 waundaji waliusogeza hadi tarehe 1 Januari 2020, na toleo la kufungia, 2.7.18, likatoka Aprili 2020. Python 3.0 ilikuwa imetoka Desemba 2008, kwa hiyo lugha hizo mbili ziliishi nyumba moja kwa zaidi ya miaka kumi na moja. Watu walikuwa na maktaba, yaani vipande vya programu vilivyoandikwa tayari ili wengine wavitumie, ambazo hazijahamishwa, na mwenye maktaba moja alikuwa akisubiri maktaba nyingine anayoitegemea. Ni mduara ule ule wa Mzee wa Sekei katika #3.

Lakini kuhusu print, hilo ni kosa la heri, kwa kuwa linapiga kelele papo hapo. Mabadiliko ya kuogopwa ni yale yanayonyamaza. Niliwahi kuandika programu ndogo ya chama kimoja cha msingi cha wakulima wa kahawa, ambayo huchukua kilo zilizopokelewa na kutoa idadi ya magunia kamili ya kilo 60. Katika Python 2, ukigawa 437 kwa 60 unapata 7, kwa sababu namba nzima ikigawanywa kwa namba nzima, sehemu ya desimali inatupwa. Hicho ndicho nilichokitaka. Katika Python 3 mgawanyo ule ule unakupa 7.28 na ushee. Programu iliendelea bila onyo lolote, ikachapisha ripoti, na mimi nilikuja kuelezwa na mtunza ghala aliyetaka kujua robo ya gunia ameiweka nani. Dawa ilikuwa ni kuandika alama mbili za mkwaju badala ya moja, jambo ambalo Python 2 nayo ilikuwa ikilikubali miaka yote. Ningeliandika hivyo tangu mwanzo, kuhama kusingeniumiza.

Kwa hiyo, FundiNjiro, mteja wako anayeogopa si mjinga. Ameshawahi kuona kitu kikiharibika kimya kimya, au amesimuliwa.

#6 Soweto Moshi

Karani, lile gunia la 7.28 lingepata mnunuzi mnadani endapo ungelipeleka mapema! Ila nakushukuru kwa mfano, kwa kuwa unathibitisha hoja yangu: wa kulaumiwa ni waundaji wa lugha, si mteja wala fundi. Walivunja mambo mengi kwa pamoja, kisha wakashangaa watu hawahami.

Tazameni historia. Perl 6, ya lugha nyingine ya programu iitwayo Perl, ilitangazwa mwaka 2000 ikiwa toleo linalofuata, ikachukua miaka mingi na kutofautiana mno na Perl ya kawaida, mpaka mwaka 2019 ikabadilishwa jina na kuitwa Raku. PHP 6 iliachwa kabla ya kutoka, ndiyo maana tuliruka kutoka 5 hadi 7. Upande mwingine, lugha ya Go ilipotoa toleo la 1 mwaka 2012, waundaji waliahidi kwamba programu iliyoandikwa kwa toleo hilo itaendelea kujengeka katika matoleo yote yanayofuata ya familia ya 1, na watu wake huhama bila kubembelezwa.

Hata Python wenyewe walijifunza. Katika Python 3.0 waliondoa herufi u iliyowekwa mbele ya maandishi ya Unicode (mfumo wa herufi za lugha zote), na kila aliyetaka programu moja iendeshwe kwenye Python zote mbili akakwama. Mwaka 2012, katika 3.3, waliirudisha. Jambo dogo kabisa, lakini lilimruhusu mtu kuhama hatua kwa hatua badala ya kuruka mto kwa mguu mmoja.

#7 FundiNjiro (Arusha)

Ahsanteni. Soweto, siwezi kumpeleka mteja wa mtaa wa Sakina kwa waundaji wa PHP akawalalamikie, kwa hiyo bado nahitaji jambo ninaloweza kulifanya mimi. Niseme moja lililonifanikia. PHP 7.0 ilipotoka Desemba 2015, waundaji walieleza kwamba programu nyingi zitakwenda kasi ya karibu mara mbili ya 5.6. Nilitengeneza nakala ya tovuti ya mteja mmoja, nikamwonyesha kurasa mbili kando kwa kando kwenye kompyuta yake, na akakubali siku ile ile. Sikutaja wadukuzi hata mara moja. Tangu hapo ninaamini kwamba mtu huhamishwa na anachokipata, si anachokiepuka.

#8 BintiRau (Moshi)

Hapo ninakupinga kwa mara ya pili, na unisamehe. Kasi ya PHP ni ile ya seva kuuandaa ukurasa. Tovuti nyingi za utalii ninazozifungua hapa zinachelewa kwa sababu ya picha. Ukurasa wa kwanza una picha sita za Kibo, kila moja ina megabaiti kadhaa, na mgeni aliyeko mbali anazingoja hizo. Ukimwahidi mwenye kampuni kasi, ukahamisha toleo, na yeye akafungua kwa bando la simu yake njiani kuelekea Usa River akaona picha zinashuka pole pole kama zamani, umepoteza imani yake. Mara nyingine hatakusikiliza hata ukiwa na haki.

Sema kasi pale tu ulipoipima, kama ulivyofanya kwa huyo mmoja.

#9 Dada Kijenge (Arusha)

Jamani, mimi si fundi. Ninasimamia uhifadhi wa safari katika kampuni ya utalii, na nimeusoma uzi huu kwa sababu mnanizungumzia mimi.

Fundi wetu wa tatu, ambaye hayumo humu, alikuja Julai akisema anatupeleka PHP toleo la nane. Julai! Magari yote yako porini, simu hazipumziki, na sisi tunaishi mwaka mzima kwa miezi ile ya Juni hadi Oktoba. Alifanya kazi usiku mmoja, asubuhi tovuti ikafunguka vizuri, tukamlipa. Wiki mbili baadaye mgeni mmoja akapiga simu akilalamika kwamba ameandika mara tatu bila kujibiwa. Kumbe fomu ya maombi ilikuwa ikimwambia kila mgeni kwamba ahsante, tumepokea, na barua pepe haikuwa ikitumwa kwetu. Hatujui hadi leo ni watu wangapi waliandika katika siku zile. Niliwaza familia zilizokaa zikingoja jibu letu, kisha zikaenda kwa wengine zikiamini kwamba sisi ni watu wasiojali.

Kwa hiyo mnapouliza mtushawishi vipi, mimi ninauliza kwa nini hakuna hata mmoja wenu aliyetaja msimu. Njooni wakati wa masika, Aprili, tukiwa na wageni wachache na muda wa kuijaribu tovuti pamoja nanyi. Na mseme kwa maandishi kwamba likiharibika mtalirudisha lilivyokuwa, na kwa saa ngapi.

#10 Mzee wa Sekei (Arusha)

Pole sana, binti yangu. Sijaiona tovuti yenu, lakini nina dhana. PHP 8.0, iliyotoka Novemba 2020, ilibadilisha namna ya kulinganisha namba na maandishi. Zamani, ukiuliza kama sifuri ni sawa na neno lolote lisiloanza na tarakimu, PHP ilijibu ndiyo. Tangu 8.0 inajibu hapana. Hilo jipya ndilo sahihi, na mimi nililishangilia, lakini ziko fomu za zamani zilizoandikwa kwa bahati juu ya lile jibu la makosa: hali ya fomu ni neno, programu inauliza kama ni sifuri, ikijibiwa ndiyo inatuma barua. Ikijibiwa hapana inapita mlango huo bila kuutazama, inakwenda kuandika ahsante. Hakuna kosa linaloonekana popote.

Ndilo lile alilolisema Karani katika #5. Na hapa ninajirekebisha kuhusu #3. Tarehe ya pamoja ilifaa kuwasukuma wenye seva na waandishi wa programu, lakini haimlindi Dada Kijenge. Tarehe ikiwa Julai, tungeharibu fomu za mji mzima usiku mmoja.

Ila mafundi tusijitoe lawamani. Amri zile za zamani za mysql_, za kuwasiliana na hifadhidata, zilianza kutoa onyo katika PHP 5.5, mwaka 2013, na ziliondolewa katika 7.0 mwishoni mwa 2015. Onyo lilitolewa miaka miwili na nusu kabla. Tulifanya nini nalo? Wengi tulizima maonyo yasionekane kwenye ukurasa, jambo ambalo ni sawa, na hatukuyafungulia faili la kumbukumbu za makosa, jambo ambalo si sawa.

#11 Kijana Majengo (Moshi)

Mzee, onyo likimfikia fundi peke yake, litafichwa. WordPress, programu ya kujengea tovuti iliyoandikwa kwa PHP, walilipeleka kwa mwenye tovuti. Kuanzia toleo la 5.1, Februari 2019, mwenye tovuti akiingia kwenye ukurasa wake wa usimamizi huku seva yake ikiwa na PHP ya zamani mno, anaelezwa hivyo kwa lugha ya kawaida, pamoja na faida za kuhama na jinsi ya kuwasiliana na kampuni inayomkodisha seva. Mei mwaka ule ule toleo la 5.2 likadai angalau PHP 5.6.20. Wateja wangu wawili walinipigia wenyewe baada ya kuliona onyo hilo.

#12 BintiRau (Moshi)

Kijana, ongeza na upande wa pili wa hadithi hiyo. Kabla ya hapo WordPress walikuwa wakikubali PHP 5.2.4 tangu Julai 2011, yaani walivumilia karibu miaka minane, na PHP 5 yenyewe waliiacha kabisa katika toleo la 6.3, Agosti 2023. Wapo wanaosema uvumilivu huo ndio uliowafanya watu wasihame, kwa kuwa hakuna kilichokatika. Wapo wanaosema ndio uliowapa watu imani ya kuendelea kubonyeza kitufe cha kusasisha. Mimi nimebadilisha mawazo mara mbili kuhusu hili.

#13 Ngaramtoni (Arusha)

Mnazungumza kana kwamba kila mtu anaweza kuhama akitaka. Nina chumba cha kompyuta ambako vijana huja kujifunza, na mashine zangu ni za mtumba zenye Windows 7. Python 3.8 ndiyo ya mwisho kukubali Windows 7, kwa kuwa kuanzia 3.9 inatakiwa Windows 8.1 au zaidi. Na 3.8 yenyewe muda wake wa kutunzwa ulikwisha Oktoba 2024. Kwa hiyo kijana akiniuliza kwa nini ana toleo la zamani, jibu si uvivu wala woga wala mkataba. Jibu ni mashine. Kisha kuna bando: kupakua upya lugha na maktaba zake kwenye kompyuta kumi ni gharama ambayo hakuna aliyeitaja tangu #1.

#14 Karani wa Kahawa (Moshi)

Ngaramtoni, kuhusu bando, pakua mara moja kwenye kompyuta moja, kisha zipeleke nyingine kwa flashi. pip, programu ya kusakinisha maktaba za Python, inakubali kusakinisha maktaba kutoka kwenye folda bila intaneti. Kuhusu mashine, Linux nyepesi, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, ingezifufua kadhaa, ingawa najua vijana wanataka kuona Windows waliyoizoea.

#15 Mwanachuo Tengeru (Arusha)

Nimemfuata mwalimu wangu kwa heshima na kumuuliza. Alinieleza kwamba maelezo yale aliyaandika wakati kompyuta za maabara zilikuwa na Python 2 pekee, na kwamba akibadilisha maelezo kabla maabara haijabadilishwa, wanafunzi watafeli mtihani wa vitendo. Sasa maabara imebadilishwa, na ameniomba nimsaidie kupitia mifano yote. Nimefika mfano wa thelathini na moja. Baada ya #5 ninakagua kila alama ya kugawa.

#16 Soweto Moshi

Hongera, mdogo wangu. Niulize jambo moja la pembeni: je, kila kitu lazima kihame? Ninajua karakana ya mbao yenye programu ya hesabu iliyoandikwa kwa lugha ya Visual Basic 6, toleo la mwaka 1998, kwenye kompyuta isiyojua intaneti ni nini. Inapiga hesabu sawasawa. Microsoft waliacha kukitunza kifaa cha kuiandikia Aprili 2008, na mwenye karakana hajaona tofauti.

#17 FundiNjiro (Arusha)

Ikiwa kweli haigusi intaneti na hakuna anayechomeka flashi ya nje, mimi singeigusa. Ningemwuliza swali moja tu: mashine ile ikiungua leo, ana nyingine ya kuiweka programu hiyo, na diski yake iko wapi?

Dada Kijenge, #9 imenikalisha chini. Katika barua zangu zote sikuwahi kutaja msimu wala saa za kurudisha. Ninaandika upya kwa wale saba: kazi ifanyike Aprili, kwenye nakala ya tovuti kwanza, mteja aijaze fomu kwa mkono wake na aione barua pepe ikiingia kwenye simu yake kabla hatujahama. Nakala ya zamani ibaki kwenye seva kwa miezi mitatu, na likitokea tatizo nirudishe ndani ya saa mbili.

#18 Dada Kijenge (Arusha)

Hapo ningekusikiliza. Ongeza kwamba fomu ijaribiwe tena kila Jumatatu hadi Juni, kwa sababu yetu haikuharibika mbele ya macho ya fundi.

#19 BintiRau (Moshi)

Na hizo Jumatatu nani anazilipia? Hilo bado hamjalijibu.

#20 FundiNjiro (Arusha)

Kwa mwaka huu wa kwanza nitazibeba mimi, kwa kuwa nilipaswa kuziweka kwenye mkataba tangu mwanzo. Wawili wameshajibu barua mpya. Mmoja amekubali Aprili, na mwingine anauliza kama inawezekana Mei, baada ya kulipa ada za shule.